Pale Wimbo wa Mwamvuli Unaporuka

Tata,

Mugonile. Najua salamu ya kumuuliza mtu kama ameamka salama haimfai aliyelala moja kwa moja, lakini ndiyo uliyonifundisha, baba yangu, na sina nyingine ya kuanzia nawe. Hapa Tukuyu mvua imeshika tangu alfajiri. Wateja hawatoki majumbani, nami nimefunika cherehani, ninakuandikia juu ya meza ya kukatia, pembeni mwa suruali mpya za bendi ya kanisa. Besi lako, lile tarumbeta kubwa, sasa analipuliza kijana wa Matwebe, mrefu, hana tumbo kabisa. Nilipompima kiuno nilicheka peke yangu. Suruali yako ya zamani ingemtosha yeye na mchumba wake, na nafasi ingebaki ya kuwekea kitabu cha nyimbo.

Mama hajambo. Goti linamsumbua siku za baridi, yaani siku zote, lakini shambani anakwenda, na ukimkataza anakuuliza kama wewe ndiwe utakayekata migomba yake. Ule mparachichi wa nyuma ya jiko, ambao wewe ulitaka ukatwe na yeye akakataa, umezaa mpaka matawi tumeyaegemeza kwa miti. Wanunuzi wanaufuata kutoka Kiwira. Mama akipita chini yake anainua kidevu na kuangalia upande wa kaburi lako. Wewe na mimi tunajua anachokuambia.

Lusajo alirudi Dar es Salaam baada ya matanga. Mdogo wangu huyo analia kwenye simu, halafu anasema ni mafua. Mimi silii sana. Mimi nakasirika. Nilikasirika siku ile ile tuliyokuzika, na hasira yenyewe ilikuwa ya jambo moja, na sasa imeniisha, ndiyo maana nimeweza kushika kalamu. Ngoja nikueleze kwa utaratibu. Mengi unayajua kuliko mimi, lakini siku hizi nimeyasimulia mno kwa watu wasiokujua, hata sijui tena kuyaanzia katikati.

Ulikuwa kijana ulipoondoka kijijini kwetu Ikuti kwenda kupiga muziki wa dansi na bendi moja ya Mbeya. Ulipuliza mdomo wa bata, ile saksafoni yenye shingo iliyopinda, na haikuwa yako, ilikuwa mali ya bendi. Safari moja mlikuja kupiga hapa Tukuyu, mvua ikawafungia ukumbini siku nzima, na mwimbaji wenu, ambaye hakuzoea mvua za kwetu, akatunga papo hapo wimbo wa kumwomba mpenzi wake amletee mwamvuli. Mkaenda Dar es Salaam kuurekodi. Ukatoka kwenye santuri ndogo, upande mmoja "Lete Mwamvuli", upande wa pili wimbo wa kusifia mkutano fulani ambao hata wewe uliusahau. Haukuvuma. Baada ya muda mfupi bendi ikavunjika, vyombo vikauzwa, nawe ukarudi nyumbani kulima ndizi na chai, ukiwa na gramafoni ya betri na nakala moja tu ya santuri yenu.

Na nakala hiyo moja ndiyo uliyoanguka nayo. Ulikuwa juu ya baiskeli, mteremko wa Kiwira ulikuwa tope tupu, tairi likateleza. "Nilikuwa na mikono miwili na vitu viwili," ulikuwa ukituambia. "Nikakumbatia gramafoni. Nikasema santuri haina vyuma ndani, itapona." Haikupona. Ilipata mkwaruzo mmoja mrefu, na tangu siku ile sindano ikifika katikati ya wimbo inaruka. Mwimbaji anamaliza ubeti wa pili, analalamika kwamba ameloa mpaka soksi, tak, na papo hapo tumeshafika kwenye kiitikio cha mwisho.

Ikuti nzima imekulia wimbo ule ulioruka. Gramafoni ilipokufa ulikuwa umeshaunakili kwenye kanda, kanda ikazaa kanda, na siku hizi uko kwenye simu za vijana wanaopiga muziki harusini, na tak yake imo vilevile. Hakuna harusi ya kwetu inayokwisha bila "Lete Mwamvuli". Watu wanainua mkono mmoja juu kama wameshika mwamvuli, wanazunguka, mabega yanacheza, na wimbo ukifika pale panaporuka wote wanaruka pamoja kwa miguu miwili, kwa sababu wanaamini hapo mwimbaji anaruka dimbwi. Nani aliyeanzisha imani hiyo sijui. Mimi mwenyewe nilifundishwa hivyo na watoto wenzangu, na niliamini mpaka nikawa msichana mkubwa. Bibi harusi akishindwa kuruka dimbwi kwa sababu ya gauni, tunamcheka mpaka anapata mtoto wa kwanza.

Wewe ulikuwa unaketi pembeni na kikombe chako, unatabasamu. Mtu akikuuliza, "Asegelile, wewe uko wapi humo?" maana wimbo wote tunaousikia ni magitaa na sauti za watu, ulimjibu, "Mimi nipo hapo panaporuka."

Nani asingecheka, Tata? Mtu anasema amepuliza kwenye santuri, na kipande alichopuliza ndicho pekee ambacho hakisikiki. Wakakuomba basi uimbe upulizaji wako, angalau wajue ulikuwaje. Ukakataa. "Mdomo wa bata haupigwi kwa mdomo mtupu," ulisema, na kwa hilo hakuna aliyekuweza, hata Mama, hata mchungaji. Halafu ukaongeza kwamba hata jina lako limo, kwamba mwimbaji anakuita kwa jina kabla hujaanza. Hapo ndipo ulipoharibu kabisa. Mzee Ambakisye akapiga magoti yake kwa viganja. "Siku moja huyu atatuambia ndiye aliyemfundisha Mfalme Daudi kinubi."

Huyo alikuwa Mzee Ambakisye wako, mpiga ngoma kubwa. Kwenye bendi ya kanisa mlisimama bega kwa bega, yeye na ngoma yake, wewe na lile besi lililokuzunguka tumbo, bum, bum, bum, kutoka kanisani mpaka makaburini, miaka na miaka. Mtu anayelipuliza besi kwa noti mbili tatu, kisha anasema enzi zake vidole vyake vilikuwa vinakimbia, kwa kweli alikuwa anaomba kutaniwa. Naye alikutania kila siku, na kila siku mlikula pamoja. Sikuwahi kukuona umekasirika. Lakini niliwahi kukukuta nyuma ya jiko, umeishika ile santuri kwenye mwanga, unaufuata mkwaruzo kwa ukucha wa kidole gumba, taratibu, toka mwanzo hadi mwisho. Sikukusemesha. Nilirudi ndani nikajifanya natafuta chumvi.

Najua ulijaribu. Uliiandikia redio, hawakujibu. Uliwatafuta wenzako wa bendi, ukakuta wengi wameshatangulia. Lusajo akatafuta mtandaoni, akaandika jina la wimbo, akaletewa miamvuli inayouzwa, ya rangi zote. Ulicheka siku ile, ukamwambia achague ya bluu.

Sasa nifike kwenye hasira yangu. Siku ya msiba, wanaume walikaa chini ya turubai kuandaa historia yako, ile ya kusomwa mbele ya jeneza. Lusajo aliandika kwamba ulipiga mdomo wa bata katika bendi ya dansi na ukarekodi santuri. Mzee Ambakisye, kama mzee wa kanisa, ndiye aliyekuwa anaipitia. Alifika hapo akasimama. Aliuliza kama yupo mtu aliyewahi kukuona na chombo hicho, kwa macho yake. Hakuwepo. Wenzako wa rika waliokujua ujanani hawapo tena, chombo chenyewe hakikuwahi kufika Ikuti, na Mama alikukuta umesharudi shambani. Akasema kwa upole, macho yakiwa mekundu, "Wanangu, mbele ya jeneza tunasoma tunayoyashuhudia. Nimemsikiliza rafiki yangu kwenye wimbo ule maisha yangu yote. Sikumsikia." Akaufuta mstari.

Ikasomwa kwamba ulikuwa mkulima hodari, mume, baba, mpuliza besi wa bendi ya kanisa. Na mwishoni, mahali pa ule mstari, wakaweka kwamba marehemu alipenda utani.

Alipenda utani. Nilikuwa nimesimama kwenye matope, bendi yako imejipanga bila besi, na nikaelewa kwamba maisha yako yote ya ujana yamewekwa kwenye maneno hayo mawili. Kwa lugha ya msibani walikuwa wamesema ulitudanganya, ila kwa upendo. Nilitamani kupiga kelele. Sikupiga, kwa sababu ya Mama. Na kitu kilichoniuma zaidi ni kwamba mimi nami sikuwa na ushahidi. Nilikuamini kwa sababu u baba yangu, na hilo halisomwi mbele ya jeneza.

Nikarudi kushona. Nilikuwa nashona kwa hasira, mpaka wateja wakaanza kulalamika kwamba suruali zangu zinabana.

Sasa msikilize Bwana Afya. Tumeletewa Bwana Afya mpya, mtu wa Tabora, kijana mwenye heshima anayekagua vyoo vya hoteli huku amejifunga skafu kwa sababu ya baridi yetu. Alikuja kupindisha suruali. Akakaa kwenye benchi kusubiri, mimi nikawa nashona huku najiimbia, na bila kufikiri nilikuwa naimba "Lete Mwamvuli". Nikamsikia naye anaimba nyuma yangu, chini chini. Sikushangaa sana, nilidhani ameusikia kwenye harusi za huku. Tukaenda naye vizuri ubeti wa kwanza, ubeti wa pili, nikaloa mpaka soksi, nikaruka nikaingia kwenye kiitikio. Yeye hakuruka. Aliendelea peke yake na kitu kingine, tu-ru-tu, tu-ru-ru, kisha akanyamaza akasema, "Dada, mbona umeruka?"

Mguu wangu ukatoka kwenye pedali.

Nikamwuliza, "Kwani hapo kuna nini?"

"Hapo ndipo wimbo wenyewe ulipo," akasema. "Hapo pana mdomo wa bata. Babu yangu alikuwa anatunyamazisha wote pakifika."

Tata, nilikaa chini. Nilikuwa nimeshakaa, lakini nilikaa tena. Nikamwuliza babu yake aliusikia wapi, akasema hakuusikia, alikuwa na santuri. Ilinunuliwa dukani Tabora wakati huo, imo sandukuni kwa shangazi yake mpaka leo, pamoja na nyingine nyingi. Nikamwuliza kama inaruka. Akashangaa swali. "Haina hata mchubuko, dada. Babu alikuwa hamruhusu mtu kuigusa."

Nikamweleza. Nilimweleza yote, baiskeli, Kiwira, dimbwi, Mfalme Daudi, turubai. Suruali yake niliishona ikiwa imegeuka, nikalazimika kuifumua, na hakudai kitu. Akatoka nje kwenye kibaraza akampigia simu shangazi yake. Shangazi alikuwa na gramafoni ila haikuwa na sindano. Ikatafutwa sindano. Ndugu yake mwingine, fundi redio, akaipata, akaurekodi wimbo kwa simu, na baada ya siku kadhaa wimbo ukaingia kwenye simu yangu nikiwa napiga pasi. Nilizima pasi. Nikafunga mlango wa duka mchana kweupe, mvua inapiga bati, nikaweka simu sikioni.

Ulikuwa na sauti nzuri, Tata. Sikujua. Miaka yote hiyo nilikuwa nakutetea bila kujua kama ulikuwa unapuliza vizuri au vibaya. Unaanza chini, taratibu, unazungukazunguka, unajifanya umesahau unakokwenda, kama ulivyokuwa ukisimulia habari pale kibarazani, halafu mtu akishakata tamaa unapanda ghafla na kucheka. Nakuapia unacheka kwenye kile chombo. Nilikutambua kabla hata sijafikiria jina. Na jina lipo. Hapo ndipo nilipolia, na sikusema ni mafua.

Nikamwambia Mama. Akakataa kusikiliza. "Sitaki kumsikia marehemu kwenye simu," akasema, "simu ni ya kuagizia mbolea." Nikamwuliza basi atamsikia wapi. Akasema siku ya kujengea kaburi, mbele ya watu waliomcheka. Ndipo nikajua kwamba hasira haikuwa yangu peke yangu. Aliificha tu vizuri kuliko mimi.

Tulijengea kaburi lako Jumamosi iliyopita. Lusajo alikuja, na Bwana Afya nilimwalika, akaja na skafu yake. Mchungaji aliomba, bendi ikapiga, saruji ikamwagwa, msalaba ukasimama, na mvua kwa mara ya kwanza ikawa na adabu. Watu wakala mbalaga, zile ndizi zetu za kupika, na nyama, wakanywa chai. Kijana mmoja wa wale wanaopiga muziki harusini alikuwa ameweka spika chini ya mparachichi, anapiga nyimbo za dini. Nikamfuata nikampa simu yangu, nikamwambia apige "Lete Mwamvuli". Akaniambia anao. Nikamwambia apige wa kwangu. Mzee Ambakisye alinitazama. Kanisa letu halipendi dansi makaburini, wewe unajua, lakini anajua pia kwamba wazee wetu walikuwa wanacheza msibani, na wimbo ulikuwa wako. Akageuza uso upande wa migomba, maana yake endeleeni.

Magitaa yakaingia. Mikono ikaanza kuinuka, mmoja mmoja. Wanawake wakatoka jikoni na kanga zao. Watoto, wazee, hata yule kijana wa Matwebe na besi lako mgongoni, wote wakawa wanazunguka pale uwanjani. Mzee Ambakisye alisimama palepale alipokuwa, lakini naye mkono wake ukapanda, wa kulia, umeshika mwamvuli wake. Ubeti wa pili ukaja, akaloa mpaka soksi, na Ikuti nzima ikaruka dimbwi.

Wakatua. Wimbo haukuruka nao.

Mwimbaji akaita, kwa sauti ya mtu anayecheka, "Puliza, Asegelile! Puliza, mtoto wa Tukuyu!"

Ukaanza kupuliza.

Hakuna aliyejua la kufanya na miguu yake. Walisimama palepale walipotua, mikono juu, wameshika miamvuli isiyokuwepo, vinywa wazi. Mtoto mmoja akauliza, "Dimbwi limekwenda wapi?" na mama yake akamziba mdomo. Lusajo alikuwa analia bila kisingizio. Nami nikamtafuta Mama kwa macho, maana nilimwogopea.

Alikuwa ameketi kwenye mkeka, miguu ameinyoosha kwa ajili ya goti. Hakuwa analia. Alikuwa anautazama mkono wake. Vidole vyake vilikuwa vinapiga juu ya paja, vya kushoto na vya kulia, haraka, na vilikuwa vinakwenda na wewe. Si kwa kukufuata. Pale ulipovuta pumzi, vidole vilikuwa vimeshasimama. Pale ulipopanda, vilikuwa vimeshapanda kabla yako.

Nikapiga magoti kando yake. Akaniambia bila kuinua macho, "Huu naujua. Alikuwa akinipigia mgongoni."

Kumbe ulikuwa unampigia, Tata. Kabla ya usingizi, mgongoni. Kanisani wakati wa mahubiri, kwenye mkono wake, chini ya kanga. Tangu alipokuwa bibi harusi mpaka wiki ile ya mwisho ulipokuwa huwezi hata kushika kikombe. Ni wimbo huohuo kila mara, alisema, kwa mpangilio uleule, naye hakuwahi kukuuliza. "Nilidhani ni mishipa," akasema. Halafu akaanza kucheka, na kucheka kwake kukageuka, nikamshika.

Kwa hiyo shahidi alikuwepo siku ile ya msiba. Alikuwa ndani na wanawake wenzake, na wala mwenyewe hakujua.

Wimbo ukaisha. Mkono wa Mzee Ambakisye ulikuwa bado uko juu. Aliushusha taratibu, akamwambia yule kijana, "Rudisha." Wimbo ukarudishwa. Safari hii hakucheza mtu. Mzee alisogea mpaka kwenye spika, akainama, akatega sikio, na jina lako lilipoitwa aliitikia kwa kichwa kama anayesalimiwa. Ulipokwisha akasema tena, "Rudisha," na hakuna aliyenung'unika.

Kisha akavua kofia, akaenda kwenye kaburi, saruji ikiwa bado mbichi. Watu wakamfuata. Akasimama wima, akatumia ile sauti yake ya kusomea, ingawa hakuwa na karatasi. "Marehemu Asegelile, katika ujana wake, alipiga mdomo wa bata katika bendi ya dansi, na alirekodi santuri. Haya tunayashuhudia." Akaongeza, "Na utani pia alikuwa nao. Hilo siliondoi."

Tukacheka wote, msibani kwako, kama ulivyopenda. Halafu akainama akakuambia maneno kwa Kinyakyusa, chini chini. Niliyasikia. Siyaandiki hapa, kwa sababu alikuambia wewe, na naamini yamefika. Alipogeuka alinishika mkono, mzee mzima yule, akanishukuru, "Ndaga fijo, mwanangu." Nami nilikuwa nimeandaa maneno makali ya kumwambia, niliyaandaa tangu siku ya turubai, nikayatafuta sikuyaona.

Hayo ndiyo niliyotaka kukuambia. Mengine ni madogo. Bwana Afya sasa ni mtu wa nyumbani, Mama amempa mkungu wa ndizi na blanketi, na amemkataza kusema baridi yetu ni mbaya. Shangazi yake wa Tabora ametuma salamu kwako, hakuelewa vizuri kwamba umefariki, nami sikumsahihisha, nimezipokea kwa niaba yako.

Juzi kulikuwa na harusi Ikuti. Yule kijana wa muziki alinipigia kuniuliza apige upi, ule unaoruka au ule mzima. Nikamwambia sijui, waamue wenyewe. Nilikwenda kushuhudia. Akapiga ule mzima. Watu wakainua miamvuli, wakazunguka, na walipofika kwenye dimbwi wakaruka, kwa sababu miguu ya Ikuti haijui kupita hapo bila kuruka. Wakatua. Na hapo, bila mtu kuwafundisha, wakasimama kimya, kila mmoja na mkono wake juu, bibi harusi, bwana harusi, watoto, mpaka ulipomaliza kupuliza. Ndipo wakaingia kwenye kiitikio.

Sasa nikuage, Tata, mvua inapungua na mteja mmoja ameshaanza kuchungulia. Ile suruali yako ya bendi nimeifumua, nikashona mfuko wenye bitana, na santuri yetu nimeiweka humo, na mkwaruzo wake. Nakuahidi sitairuhusu itupwe eti kwa kuwa tumepata nzima, maana hiyo ndiyo iliyotufundisha kuruka. Na nakuahidi wajukuu zako watajifunza yote mawili, kuruka na kusimama. Mama atawafundisha vidole, amesema mwenyewe.

Pumzika. Tukifika pale panaporuka tutakuwa tumesimama, mikono juu, tunakusubiri umalize.

Mwanao,
Tupokigwe